Mturuki wa Paris hakuwa 'bila vifaa': Madaraja ya bunduki za upepo yanavyofanya kazi

Ile picha umeiona. Mzee wa miaka 51, fulana ya kawaida, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyoosha bastola. Mitandao ikachafuka: "Kaja bila vifaa, kaondoka na medali!"

Jina lake Yusuf Dikeç, wa Uturuki. Tarehe 30 Julai 2024, yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata fedha katika bastola ya upepo mita 10, timu mchanganyiko, kwenye Olimpiki ya Paris. Dhahabu ilikwenda Serbia kwa 16-14. Ilikuwa medali ya kwanza ya Uturuki katika kulenga shabaha kwenye Olimpiki.

Ila stori iliyosambaa ilikuwa nusu ya ukweli. Bastola ya Dikeç ilikuwa ya mashindano, iliyokaguliwa kwa mizani na vipimo vilevile vya wapinzani wake. Alichoacha nyumbani ni vitu vya hiari tu.

Kuelewa tofauti hiyo ni kuelewa mchezo wenyewe. Bunduki za upepo zina madaraja mengi, na kila daraja ni jibu la swali moja: leo tunampima mtu, au tunapima pochi yake?

Kwa ufupi

- Bunduki ya upepo husukuma risasi kwa hewa iliyobanwa au kwa springi, si kwa baruti.
- Madaraja hugawanywa kwa nguvu ya bunduki, jinsi inavyoshikwa, unavyolengea na unachovaa.
- Ukizidisha hata gramu chache, unaweza kufutiwa matokeo yote.
- Kabla ya kununua chochote, jua kwanza utashindana daraja gani.

Kwa nini kuwe na madaraja?

Fikiria ngumi. Bondia wa kilo 60 hapandi ulingoni na wa kilo 90. Si kwamba mwepesi hajui kupigana, ila ukiwaweka pamoja utapima uzito badala ya ngumi.

Kwenye kulenga shabaha, "uzito" huo ni vifaa. Bunduki nzito haitikisiki ovyo. Triga nyepesi haivuti mkono. Koti gumu linashika mgongo. Darubini inakuza shabaha. Kila kimoja kinaongeza pointi bila wewe kuwa bora zaidi.

Waandaaji wana njia mbili. Ya kwanza ni kuweka ukomo: kifaa kisizidi hapa. Ya pili ni kutenganisha: wenye kifaa hiki washindane peke yao. Mashindano mengi yanatumia zote mbili kwa pamoja.

Olimpiki: bunduki na bastola ni dunia mbili

Kwenye Olimpiki, bunduki za upepo hupigwa kwa umbali wa mita 10. Risasi yenyewe ni ndogo, upana wake milimita 4.5. Sheria zinatoka kwa shirikisho la dunia, ISSF.

Kuna mambo mawili: bunduki ndefu na bastola. Usidhani ni mchezo mmoja wenye silaha mbili. Angalia shabaha tu.

Kwa bunduki ndefu, duara la pointi 10 lina upana wa nusu milimita. Ndiyo, nusu. Ni nukta. Kwa bastola, duara hilo lina milimita 11.5.

Sababu ni rahisi. Bunduki ndefu unaishika kwa mikono miwili, kitako kikiwa begani. Bastola unaishika kwa mkono mmoja ulionyooka, bila kuegemea popote. Wangepewa shabaha moja, ama wa bunduki wangelala usingizi, ama wa bastola wangelia.

Ndiyo maana hata hesabu ya pointi inatofautiana. Tangu 2013, raundi ya mchujo ya bunduki ndefu huhesabiwa kwa desimali, na risasi moja inaweza kukupa hadi 10.9. Kwa risasi 60, kiwango cha juu kabisa ni 654.0. Bastola kwenye mchujo inahesabiwa kwa namba nzima, juu kabisa ni 600.

Bastola: ukomo uko wapi?

Hizi ndizo namba ambazo Dikeç na kila mpinzani wake walipaswa kuzitii:

- Uzito wa bastola usizidi gramu 1,500.
- Bastola nzima iingie kwenye boksi la milimita 420 kwa 200 kwa 50.
- Triga isiwe nyepesi kuliko gramu 500.
- Vyuma vya kulengea viwe vya wazi. Hakuna darubini, hakuna lenzi juu ya bastola.
- Mkono mmoja tu. Kifundo cha mkono kiwe huru, na mpini usikikamate.
- Viatu visifunike kifundo cha mguu.

Hiyo ya triga inahitaji maelezo. Gramu 500 maana yake ni hivi: ukitundika mzigo wa gramu 500 kwenye triga huku mtutu ukitazama juu, bastola isifyatuke. Triga ikiwa nyepesi kuliko hapo, kosa la kidole linafichika. Ikiwa na uzito, kila mtikisiko wa kidole unaonekana kwenye shabaha. Hapo ndipo anapopimwa mtu.

Sasa rudi kwenye picha ya Dikeç. Hakuvaa koti gumu? Bastola haina koti gumu, kwa mtu yeyote. Mkono mfukoni? Wengi wanafanya hivyo, au wanaushikiza kwenye mkanda, ili mwili usiyumbe. Miwani yenye lenzi moja na kizibo cha jicho, kama alivyotumia Kim Yeji wa Korea Kusini aliyepata fedha siku mbili kabla? Inaruhusiwa, haijalazimishwa. Kizibo cha jicho lisilolenga nacho kina ukomo: upana usizidi milimita 30.

Kumbe siri ni hii: daraja la bastola lenyewe limeshapunguza vifaa hadi karibu na mfupa. Vilivyobaki ni upendeleo wa mtu. Dikeç analenga macho yote mawili yakiwa wazi, kwa hiyo kizibo hakimsaidii. Na ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Vifaa hakuwa navyo vingi, lakini miaka alikuwa nayo.

Bunduki ndefu: koti ndiyo vita

Huku mambo yamegeuka. Bunduki inaweza kufika kilo 5.5. Jaribu kushika mfuko wa sembe wa kilo tano mbele ya bega lako huku umesimama, mara 60, ndani ya dakika 75. Mgongo utakwambia.

Kwa hiyo koti maalumu na suruali maalumu vinaruhusiwa. Vinashika uti wa mgongo na kupunguza mtikisiko. Lakini kama koti lingekuwa gumu kama ubao, nguo ndiyo ingeshindana. Ndipo ukomo unapokuja:

- Kitambaa kimoja kisizidi unene wa milimita 2.5.
- Kuna mashine inayobonyeza kitambaa. Kisipobonyea milimita 3, koti limefeli.
- Soli ya kiatu mbele isizidi milimita 10, na lazima ikunjike.
- Mkanda wa kushikilia bunduki hauruhusiwi kwenye mita 10.
- Darubini hairuhusiwi.

Angalia pia kilichoachwa: triga ya bunduki ndefu haina uzito wa chini. Shabaha ya nusu milimita inatosha kumuadhibu mwenye kidole kizito.

Ukikosea unalipa nini?

Hapa ndipo watu wanapoumia. Vifaa hukaguliwa kabla ya mashindano, halafu wengine huchaguliwa kukaguliwa tena baada ya kumaliza. Ukifeli ukaguzi wa baadaye, unafutwa. Hakuna kupunguziwa pointi mbili tatu.

Kwa bastola, triga hupimwa mara tatu kwa zaidi. Ikishindwa kushikilia zile gramu 500 mara zote, basi. Tuseme skrubu ya triga imelegea kidogo katikati ya risasi 60. Hukukusudia. Sheria haiulizi ulikusudia nini, inauliza mzigo umeshika au haujashika.

Hata mtungi wa hewa una tarehe yake ya mwisho. Bunduki za kisasa hutumia mtungi uliojazwa hewa ya mgandamizo mkubwa, kwa kawaida bar 200. Gurudumu la gari dogo lina bar 2 na kitu hivi. Mtungi uliochoka ni hatari kwa aliyeushika na kwa jirani yake, na kuhakikisha haujapita muda ni jukumu la mchezaji mwenyewe.

Walemavu: daraja la mwili na kifaa pamoja

Kwenye Paralimpiki, swali linabadilika. Si tena "una bunduki gani?" tu, bali "mwili wako unahitaji nini ili ulenge kwa haki?"

Makundi makuu ni mawili:

SH1. Mchezaji anaweza kubeba uzito wa silaha yake mwenyewe. Anaweza kuwa kwenye kiti cha magurudumu, au amesimama kwa mguu wa bandia. Kundi hili lina bunduki na bastola.

SH2. Mikono haiwezi kubeba uzito wa bunduki. Anaruhusiwa kuweka bunduki kwenye stendi yenye springi. Kundi hili ni la bunduki ndefu pekee.

Kumbuka kwamba springi haimlengei mtu. Inabeba uzito, lakini inacheza huku na kule, na mlengaji ndiye anayetuliza. Kwa walio kwenye viti, hata urefu wa egemeo la mgongo unapangwa kulingana na uwezo wa kiwiliwili. Egemeo refu kwa mtu asiyelihitaji ni faida isiyo halali, na egemeo fupi kwa anayelihitaji ni adhabu.

Mfano mzuri ni Avani Lekhara wa India. Aliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya gari mwaka 2012. Akashinda dhahabu ya bunduki ya upepo mita 10 kwa wanawake wa SH1 huko Tokyo, mashindano yaliyofanyika 2021, akairudia Paris 2024. Jina rasmi la tukio lake ni la "kusimama", ingawa yeye anapiga akiwa kwenye kiti. Maana ya "kusimama" hapo ni kwamba viwiko haviegemei meza. Wakiruhusiwa kuegemeza viwiko, tukio linaitwa la "kulala".

Yaani hata neno linapimwa kwa kile linachomsaidia mtu, si kwa picha unayoiona.

Marekani: daraja la mtoto asiye na hela

Twende kwenye swali la pochi moja kwa moja. Marekani, vijana hushindana kwa bunduki za upepo katika mikao mitatu: kulala, kusimama na kupiga goti. Huko wameweka madaraja mawili ya vifaa.

Precision ni daraja la bunduki za kiwango cha Olimpiki. Makoti maalumu, suruali maalumu, viatu maalumu, vyote ruksa.

Sporter ni daraja la bunduki rahisi. Bunduki lazima iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa, na bei yake ina kikomo. Uzito usizidi pauni 7.5, kama kilo 3.4. Triga isipungue pauni 1.5, kama gramu 680. Makoti na viatu maalumu hapana. Bunduki kama Daisy 853 na Crosman Challenger ndizo za huku.

Hili la kikomo cha bei ni la kipekee. Sheria nyingi za michezo hupima urefu na uzito. Hii inapima risiti ya dukani. Lengo ni shule yenye bajeti ndogo iweze kuunda timu na ishinde kihalali. Timu nyingi za JROTC, ile programu ya mafunzo ya kijeshi kwa wanafunzi wa sekondari, hupiga daraja hili. Bei ya bunduki moja ya precision inaweza kununua kadhaa za sporter.

Na mtoto wa sporter si dhaifu. Bunduki yake ni nyepesi, triga nzito, nguo za kawaida. Pointi zake zitakuwa chini ya za mwenzake wa precision, lakini huwezi kuziweka kwenye mizani moja.

Ila kuna gharama iliyojificha. Mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani hutumia bunduki za kiwango cha precision. Kijana anayetaka nafasi ya chuo kupitia mchezo huu mara nyingi hulazimika kuhama daraja, na hapo bili inarudi mezani. Daraja la bei nafuu linafungua mlango wa kuingia. Mlango wa pili bado unahitaji funguo ya bei.

Uwanjani: springi dhidi ya mtungi

Kuna mchezo mwingine usiochezwa ukumbini. Unaitwa Field Target, ulianza Uingereza mwaka 1980. Unatembea porini au shambani, unakuta shabaha za chuma zenye umbo la mnyama mdogo. Kila moja ina tundu la duara, la milimita 15 hadi 40. Risasi ikipita kwenye tundu, shabaha inaanguka. Ikigonga chuma cha nje, inabaki imesimama, na wewe umekosa.

Umbali haujaandikwa. Unaweza kuwa yadi 8, unaweza kuwa 55. Unakadiria mwenyewe.

Huku darubini ni ruksa. Mgawanyo mkubwa ni jinsi bunduki inavyopata nguvu:

- Ya mtungi. Hewa imeshajazwa. Ukifyatua, bunduki karibu haitikisiki.
- Ya springi. Ukifyatua, springi na pistoni vinaruka mbele ndani ya bunduki kabla risasi haijatoka mtutuni. Bunduki inashtuka mkononi mwako wakati risasi bado iko ndani.

Mwenye springi anahitaji mkono wa peke yake. Kumshindanisha na mwenye mtungi ni kama kushindanisha baiskeli na pikipiki halafu useme mwenye baiskeli hajui njia. Kwa hiyo springi hupewa zawadi zao.

Kisha kuna tawi dogo, Hunter Field Target. Huku darubini ikishapangwa mwanzoni, hairuhusiwi kuguswa mpaka umalize. Faida ya darubini ya bei mbaya yenye magurudumu ya kurekebisha inapungua sana. Shabaha ikianguka ni pointi 2, ukigonga chuma ni 1, ukikosa kabisa ni 0. Anayeanza harudi nyumbani mikono mitupu.

Na nguvu? Hapo sheria ya nchi inaingia

Nguvu ya bunduki pia huweka madaraja, na mara nyingi mstari unachorwa na sheria ya nchi. England na Wales, bunduki ndefu ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, kama jouli 16.3, haihitaji cheti cha silaha. Ikizidi, inahitaji. Ukomo huohuo wa 12 ndio unaotumika kwenye mashindano ya dunia ya Field Target. Ujerumani, mstari ni jouli 7.5, na bunduki nyingi za Olimpiki ziko maeneo hayo hayo.

Scotland imekaza zaidi: tangu mwisho wa 2016, hata zile za chini ya 12 zinahitaji cheti.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, ujumbe ni mmoja. Bunduki ya upepo si toi. Usiagize mtandaoni kwa sababu umeona bei nzuri. Uliza kwanza polisi kitengo cha silaha au klabu iliyosajiliwa. Mzigo ukishakamatwa forodhani, maelezo ya "ni ya mchezo tu" hayatakusaidia.

Unataka kuanza? Maswali matano

Kosa la wengi ni kununua kwanza, kuuliza baadaye. Mtu anakuja klabu na bunduki yenye darubini, anakuta wanapiga mita 10, darubini marufuku. Hela imeondoka.

Uliza haya kabla:

1. Klabu inapiga mchezo gani? Mita 10, Field Target, au mwingine?
2. Daraja la wanaoanza ni lipi, na ukomo wake upi? Uzito, triga, nguvu.
3. Nguo maalumu zinahitajika au zinakatazwa?
4. Bunduki za kuazima zipo? Klabu nyingi huwa nazo. Azima miezi michache, ujue mwili wako unataka nini.
5. Vifaa vinakaguliwa lini na nani? Pima vyako wiki moja kabla, usisubiri asubuhi ya mashindano.

Na ukikutana tena na picha ya mtu aliyeshinda "bila vifaa", uliza alikuwa daraja gani. Mara nyingi utagundua hakuna aliyekuwa na kikubwa kumzidi. Sheria zilishawavua wote kabla hawajaingia ukumbini, na kilichobaki kilikuwa mkono, jicho na pumzi.